Mtu wa Manispaa

Uppsala, 11 Januari 2009

Baba mpendwa,

Salamu kutoka huku kwetu ambako theluji imeshageuka tope. Mapafu yako yanaendeleaje? Kile kikohozi cha Krismasi kimeisha, au bado unakificha kama kawaida yako? Mimi mzima, ila kazi ni nyingi. Na Mama je, anakula? Nilipompigia mwaka mpya alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akamrudishia mhudumu wake Rauni simu na kumwambia, "Ni mteja. Anauliza kama siagi imefika." Miaka thelathini nyuma ya kaunta ya duka la ushirika haijamtoka. Nilicheka. Halafu nikaenda kukaa garini peke yangu kidogo.

Nina swali la kukupa kazi, maana najua unavyopenda kuulizwa. Wiki hii kampuni yetu ilipokea wageni kutoka Australia waliokuja kuona tunavyotunza wazee. Mmoja wao, mzee mwenye kofia ya ngozi, akaniuliza mbele ya watu wote: "Hebu tuambie, mama. Kwetu wengine wanasema nchi yenu ni ya kijamaa, wengine wanasema ni ya kibepari tu, ila imeoga. Ni ipi?" Miaka ishirini na mitano nimefanya kazi ya wazee, nusu kwa manispaa, nusu kwa kampuni, na swali hilo sijawahi kujiuliza. Nikamwambia nitamuuliza baba yangu, aliyekata mbao kiwandani, akafundisha historia, akakaa baraza la manispaa.

La pili. Hapa Uppsala nyumba yetu ya wazee ina fleti za wanandoa. Vyumba viwili, jiko dogo, bafu lenye mlango mpana. Mama angekuwa na mhudumu saa zote, na wewe ungekuwa naye. Moja iko wazi mpaka mwisho wa Machi. Najua utakachosema. Usikiseme leo. Kaa nalo siku chache kwanza.

Binti yako,
Marit


Sågviken, 19 Januari 2009

Marit mwanangu,

Nimepokea barua yako nikiwa mzima, na kikohozi kimeisha kweli, usinitilie shaka. Wewe pumzika. Mtu anayetunza migongo ya wengine husahau wake.

Huku baridi imeshuka digrii ishirini na mbili chini ya sifuri, na barafu ya mto ina unene wa nusu mita. Manispaa wameshafungua njia ya barafu na kuisimikia matawi ya misonobari pande zote mbili. Kwa hiyo kila siku saa nne asubuhi nachukua sleji yangu ya teke, navuka hadi nyumba ya wazee ya Björkudden, nakaa na mama yako mpaka baada ya chakula cha mchana, na kurudi kabla giza halijashuka. Mama yako anakula nikiwepo. Nisipokuwepo, Rauni anasema, anaitazama sahani kama gazeti la lugha ngeni. Bado ananijua. Juzi alinishika sikio akasema, "Sixten, sikio lako baridi kama ufunguo."

Sasa swali la mgeni wako. Ni swali zuri, na kosa lake ni moja tu: anadhani jibu liko kwenye jina.

Kiwanda cha mbao cha hapa kilikuwa mali ya ukoo wa Wallmark tangu babu yangu akiwa kijana. Miaka yote ile chama chetu cha siasa kilipotawala nchi, hakuna aliyewanyang'anya hata msumeno. Mkurugenzi Wallmark alikaa upande mmoja wa meza, sisi wa chama cha wafanyakazi upande wa pili, mimi nikiwa katibu na kalamu yangu. Tulibishana ujira, tukapeana mikono, tukarudi kazini. Hata sheria ya kima cha chini cha mshahara hatukuwa nayo, wala leo hatuna. Tuliona aibu serikali itusemee wakati midomo tunayo. Kwa hiyo ukiuliza mashine ni za nani, sisi ni mabepari, tena wa siku nyingi. Lakini uliza pia nini kilimpata mtu siku msumeno ulipochukua vidole vyake. Baba yangu alipokatika vidole alikwenda kubisha hodi jikoni kwa mkurugenzi wa wakati ule, kofia mkononi, kuomba. Nilikuwa naye, nilikuwa na miaka saba. Mwanangu, hilo ndilo tulilolifuta. Hatukutaifisha viwanda, tulitaifisha hofu. Mtu augue, azeeke, apoteze kazi, na asimshukuru mtu yeyote kwa kuendelea kuishi.

Na leo Henning Wallmark mwenyewe yuko Björkudden, milango miwili kutoka kwa mama yako, naye kumbukumbu zimemtoka. Viazi vilevile, dirisha lilelile, Rauni yuleyule. Mwambie mzee wa kofia aje aone hilo, kisha aliite jina analotaka.

Habari kubwa nimeiacha mwisho. Nimeomba manispaa wanihamishie Björkudden, chumba kimoja na mama yako. Alhamisi alikuja afisa ustawi, binti mmoja anaitwa Pernilla, mtu wa kusini, viatu vyembamba. Nilisafisha nyumba nzima, nikavaa shati jeupe, nikaoka mikate ya iliki. Akauliza, "Kile kiti chenye vyuma pale mlangoni ni nini?"

"Sleji ya teke. Nasimama nyuma, napiga barafu kwa mguu, inakwenda."

"Unavuka mto? Kila siku?"

"Kila siku."

Akaandika. "Na mikate hii umeoka mwenyewe?"

"Kuna mwingine unayemwona?"

Akacheka, akaandika. Akauliza kama naoga mwenyewe. Nikamwambia, "Binti, naoga mwenyewe tangu enzi za mfalme aliyepita." Mwisho akaweka kalamu chini akasema, "Na kuna kitu unachohitaji, Sixten?" Nikamjibu kama tulivyolelewa: "Hapana, nina kila kitu. Wapelekeeni wenye shida." Hilo aliliandika, akalipigia mstari.

Naona mambo yalikwenda vizuri.

Baba yako,
Sixten


Uppsala, 27 Januari 2009

Baba mpendwa,

Natumaini baridi haijakushinda, na Mama bado anakushika masikio. Sisi hapa wazima.

Baba. Umemwokea afisa ustawi mikate?

Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni, na nilipofika kwenye shati jeupe ilibidi nikae. Kazi ile nimeifanya miaka tisa, nakujulisha inavyokwenda. Yule binti hakuja kunywa kahawa. Amekuja na karatasi yenye maswali ishirini, na kila swali ulilojibu "naweza mwenyewe" limekusogeza mbali na chumba cha Mama. Ulitakiwa uache vyombo vichafu. Ulitakiwa ukohoe. Ulitakiwa umwambie kwamba bado unaweka vikombe viwili mezani kila asubuhi na kukirudisha kimoja kabatini kikiwa kikavu. Nilikuona Krismasi, ulidhani nimelala.

Wazee wa huko wote mko hivyohivyo. Nilikuwa nafika kwa bibi mwenye nyonga iliyovunjika, ananipokea mlangoni amesuka nywele, kakausha sakafu, meza ina aina saba za biskuti. "Mimi? Mimi sina shida, wewe nenda kwa Signe, ana hali mbaya." Naenda kwa Signe: biskuti aina saba.

Na kuhusu mzee wa kofia, umemjibu vizuri mno, ndipo ninapokubana. Hiyo Björkudden unayoisifu, jengo manispaa waliliuza mwaka juzi, sasa wamepanga. Chakula kinaletwa na lori la mkandarasi kutoka kusini; kinapikwa Jumatatu, kinaliwa Alhamisi. Mimi walau natamka wazi kwamba naifanyia kazi kampuni. Ninyi mnafanyiwa kazi na kampuni na bado mnapeperusha bendera nyekundu Mei Mosi.

Usikasirike. Mpigie Pernilla, mwambie ukweli. Fleti bado ipo.

Binti yako,
Marit


Sågviken, 8 Februari 2009

Marit mwanangu,

Nakusalimu. Mimi mzima, na huo uzima sasa una muhuri. Uamuzi wa manispaa umefika, nakunakilia sehemu yake:

"Mwombaji anamudu shughuli zote za siku bila msaada. Husafiri mwenyewe kila siku kuvuka mto. Haja ya kuwa karibu na mwenzi si haja ya matunzo. Kila mtu hutathminiwa peke yake. Ombi limekataliwa."

Nimelisoma mara nyingi, na kadiri ninavyolisoma ndivyo ninavyoitambua sauti. Ni yangu, mwanangu. "Kila mtu peke yake." Mwaka sabini na moja, mume na mke walipoacha kutozwa kodi kwenye karatasi moja, nilizunguka vijiji vyote vya mto huu nikiwafundisha wafanyakazi maana yake. Nilisimama kwenye kumbi za baridi nikisema: kuanzia leo hakuna mke atakayeomba pesa ya koti kwa mumewe, hakuna mzee atakayeomba kitanda kwa mwanawe, kila mtu atasimama mbele ya serikali kwa miguu yake mwenyewe. Watu walipiga makofi. Na aliyenisukuma kwenye kumbi hizo alikuwa mama yako. Nilipositasita aliniambia, "Sixten, sitaki kuandikwa kwenye karatasi yako kama baiskeli." Alikuwa sahihi, na mpaka leo naona alikuwa sahihi. Ndiyo maana siwezi hata kumlaumu yule binti mwenye viatu vyembamba. Ametekeleza nilichohubiri, kwa mwandiko mzuri.

Nimekata rufaa, kwa kuwa rufaa ni haki. Watasikiliza majira ya kiangazi. Kumpigia simu Pernilla na kukohoa sitafanya. Chumba nitakachopata kwa uongo kimetoka kwa mwenye haja ya kweli.

Na fleti yako, hapana. Kodi za watu zinaingia kwenye kampuni hiyo mlango wa mbele, na mlango wa nyuma zinatoka kwenda kwa watu ambao hawajawahi kumwosha mzee hata mguu. Sitalala kwenye kitanda kinachomzalishia mtu faida. Wewe ulizaliwa kwa kodi za watu wa mto huu, ukasomeshwa kwa kodi zao mpaka chuo kikuu. Sikukulea uje uwauzie uzee wao.

Mama yako anakusalimu, kwa maana ya kwamba nilimwonyesha picha yako akasema una meno mazuri.

Baba yako,
Sixten


Uppsala, 22 Machi 2009

Baba,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Barua hii nimeianza mara nne tangu Februari. Ile yako naijua kwa moyo, huna haja ya kuirudia.

Nitakwambia jambo moja ambalo sijawahi kukwambia. Mwaka wangu wa mwisho manispaa tulikuwa wahudumu wawili kwa wazee ishirini na moja, kwa sababu bajeti ilikatwa, na waliopiga kura kuikata walikuwa wenzako wa chama. Kulikuwa na bibi mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa akiniita nikae naye dakika tano tu. Kila siku nilimwambia kesho. Kesho moja haikufika. Kampuni iliponiita nilimuuliza meneja swali moja: nitapewa watu wangapi? Akasema watano. Nikaenda. Ndiyo, wanapata faida, na kuna siku nachukia sauti yangu mwenyewe kwenye mikutano yao. Lakini hapa nakaa na watu dakika tano, Baba. Ndicho nilichonunua kwa kuuza uzee wa watu wenu.

Fleti inatolewa tarehe 31. Na kuna swali hujalijibu wala hujajiuliza: barafu ikivunjika utavuka kwa kitu gani?

Marit


Sågviken, 30 Machi 2009

Marit mwanangu,

Niko salama. Neno nililoliandika Februari lilikuwa kali, na sikuwa na haki nalo. La yule fundi cherehani sikulijua. Ningelijua ningekaa kimya, jambo ambalo mimi hulifanya kwa shida.

Barafu bado ngumu. Ikivunjika kuna basi la kuzunguka kwa darajani, kilomita thelathini na moja, ratiba imebandikwa dukani. Fleti wape wenye kuihitaji.

Baba yako,
Sixten


Uppsala, 26 Aprili 2009

Baba mpendwa,

Unaendeleaje? Kwenye simu unasema "mzima, mzima" na kukata. Nimeongea na Rauni, ameniambia hujafika Björkudden tangu Jumanne baada ya Pasaka. Hiyo ni siku kumi na mbili. Huumwi? Nilimuuliza na habari za Mama, akanijibu, "Anakula vizuri sasa," kisha akaharakisha kuniaga.

Sema neno moja tu nije. Ni saa tano za barabara.

Binti yako anayekuwazia,
Marit


Sågviken, 4 Mei 2009

Marit mwanangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa kujibu, na sababu si ugonjwa. Sababu ni kwamba sikujua niandikeje.

Njia ya barafu ilifungwa tarehe 14 Aprili. Siku mbili baadaye barafu ya mto ilipasuka, na mafuriko ya theluji iliyoyeyuka yakala barabara ya darajani upande wetu. Basi likasimamishwa. Magari madogo yalipita kwa njia ya msituni. Niliwapigia manispaa kuomba usafiri wa wazee, wakanijibu kwa upole kwamba usafiri huo hutolewa kwa wasioweza kutembea, na jalada langu linasema navuka mto kwa miguu. Nikashukuru.

Sasa utaniuliza kuhusu Evald, jirani yangu, ambaye gari lake liko hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Sikumwomba. Tumekaa jirani miaka thelathini na sita bila yeyote kumdai mwenzake hata yai, na nilikuwa najivunia hilo. Kila asubuhi nilisimama dirishani nikitazama gari lake, nikasema kesho barabara itafunguliwa. Siku ya kumi na nane ikafunguliwa, nikamkuta Evald kituoni. Akasema, "Sixten, mbona unapanda basi? Mimi nilikuwa naenda Björkudden kila Jumatano, dada yangu yuko pale."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikutaka kukuingilia. Na wewe kwa nini hukuomba?"

"Sikutaka kukusumbua."

Tukatazama basi likija.

Nilifika saa tano. Mama yako alikuwa ukumbini, kwenye viti viwili vya dirishani. Kiti cha pili kilikuwa na Wallmark. Alikuwa amemshika mkono. Si kwa bahati, Marit. Walikuwa wameshikana kama watu walioshikana siku zote. Nikasema, "Tyra." Akanitazama kwa adabu, ule uso wake wa dukani. Kisha akamgeukia Wallmark akasema, "Sixten, kuna mtu."

Rauni alinipeleka jikoni, akanipa kahawa. Akaniambia, "Nisikilize, mzee. Wiki ya kwanza hakula kabisa. Alikaa anatazama mto. Siku ya nane Henning akavuta kiti, akachukua kijiko, akamlisha. Yeye anadhani ni mkewe, Ebba. Na Tyra anadhani ni wewe. Ningefanya nini, nimnyang'anye kijiko?"

"Ungenipigia simu."

"Nilikupigia, ukasema uko mzima, ukakata."

Miaka mingapi nilikaa mbele ya mtu yule tukigombania senti? Nilikuwa naijua mikono yake kuliko uso, maana alikuwa akiiweka mezani tunapobishana. Sasa iko pale.

Fleti ile najua imeshaondoka. Lakini kama kuna nyingine, nakubali. Ya kampuni, ya mfalme, ya yeyote. Sina tena hotuba. Nataka mama yako awe mahali ambapo mtu wa kwanza anayemwona asubuhi ni mimi, ili anikumbuke kabla sijafutika kabisa. Wewe ulisema, mimi sikusikia. Naomba, Marit. Unaona nimejifunza neno hilo.

Baba yako,
Sixten


Uppsala, 9 Mei 2009

Baba yangu mpendwa,

Usiniombe. Mimi ni mwanao.

Fleti ya pili imefunguka wiki hii. Mzee wa kule alifariki, na mkewe amehamia chumba kimoja. Ndivyo zinavyofunguka. Nimezungumza na manispaa za pande zote mbili, karatasi za Mama zitakuwa tayari, nimetia sahihi kwa niaba yenu. Nitakuja tarehe 30 na gari kubwa la kazini, kiti cha nyuma kinalala. Mletee Mama mto wake wa kichwa na kile kibao chake cha kukatia siagi, vitu anavyovijua vimzunguke.

Kula vizuri, lala vizuri. Siku ishirini na moja tu.

Binti yako,
Marit


Sågviken, 24 Mei 2009

Marit mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba utaisoma umekaa. Mimi mzima, sawasawa na ilivyoandikwa.

Njoo tarehe 30 kama ulivyopanga. Lakini njoo na gari lako dogo. Mama yako hatasafiri.

Nilitaka kumzoesha. Jumatatu nikamwomba Rauni anisaidie kumtoa nje, sisi wawili tu, tukae kwenye benchi la mtoni. Nilimletea kibao chake cha siagi. Alikishika, akakigeuza, akanirudishia. Baada ya dakika kumi akaanza kutetemeka. "Sixten yuko wapi? Mmempeleka wapi?" Nikamwambia, "Niko hapa, Tyra." Akanipiga, mwanangu, kwa nguvu ya mtu anayeibiwa. Akalia mpaka sauti ikakauka. Tukamrudisha ndani, Wallmark akanyanyuka kwa shida kitini, akasema, "Umechelewa, mpenzi," naye mama yako akatulia kama mtoto aliyefunikwa blanketi. Siku ile alikula sahani nzima. Nilisimama mlangoni nikamhesabia vijiko.

Nimelifikiria siku tano kwa namna pekee ninayoijua, yaani kwa kujifafanulia mwenyewe. Fleti ile niliitaka kwa ajili ya nani? Kila mtu hutathminiwa peke yake. Basi nimemtathmini Tyra peke yake, bila kunihesabu. Ana chakula. Ana dirisha. Ana mkono wa kushika. Hana haja isiyotimizwa. Ombi la kumhamisha, nimelikataa.

Rufaa yangu pia nimeiondoa. Na fleti ipewe watu wawili wanaojuana.

Mzee wa kofia bado anasubiri jibu lake, na mimi lile la Januari sitaki tena lisimame kama lilivyo. Mwambie hivi. Tulijenga nchi ambayo hakuna mtu anayelazimika kumhitaji mwenzake. Lilikuwa jambo kubwa, na baba yangu angelia kwa furaha kuliona. Tulipolimaliza tukaona halina jina, tukagombana kama ni la kijamaa au la kibepari, na wakati tukigombana tukazoea kutoomba. Mengine sijui. Mimi nilikuwa mwalimu, sikuwa mtabiri.

Jana nilikwenda tena. Evald alinipeleka, nilimwomba, akafurahi mpaka akanichukiza. Walikuwa dirishani wanatazama magogo yakishuka mtoni. Wallmark aliponiona alitaka kunipisha kiti, adabu zake zilezile. Nikamwambia akae. Nikavuta kigoda. Mama yako alinitazama muda mrefu, usoni, mikononi, kwenye shati langu jeupe.

"Na wewe ni nani, bwana?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kulitaja jina langu. Lakini jina lile lilikuwa na mtu tayari.

"Natoka manispaa," nikasema. "Nimekuja kuona kama kuna kitu mnachohitaji."

Akafikiri. Aliwaza kwa makini kama alivyokuwa akiwaza mbele ya mizani ya duka. Akamtazama mwenzake, akamfunika magoti kwa blanketi, kisha akanigeukia.

"Hapana," akasema, "tuna kila kitu. Wapelekeeni wenye shida."

Nikatoa kalamu, nikaandika.

Baba yako,
Sixten